Nyumbani Kuna Mtu?

Anko hakuzaliwa na jina hilo, lakini alikuwa ameitwa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, alikuwa akigeuka kuangalia nani anaitwa nyuma yake. Watoto wa gari la shule ndio waliompa. Asubuhi aliwaokota mmoja mmoja wakiwa na usingizi machoni na mafuta usoni, mchana akawarudisha wakiwa na vumbi na kelele, na katika kazi hiyo alikuwa na sheria moja ambayo hata mwalimu mkuu hakuthubutu kuigusa. Mtoto haachwi getini. Anko alizima gari, akashuka, akagonga, akauliza kwa sauti ya kusikika jikoni, "Nyumbani kuna mtu?" Mpaka atokee mama, au dada, au babu, yeyote mwenye mkono wa kupokea, mtoto hakutoka kiganjani mwake. Kama hakuna mtu, alirudi naye garini wakazunguka mtaa mzima mpaka mwenyewe apatikane. Wazazi wengine walimwona msumbufu, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa roho juu akijiuliza mwanawe yuko wapi.

Halafu shule ikapata mabasi makubwa na madereva vijana waliovaa vizibao vinavyong'aa, na Anko akapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yao wa pekee aliolewa mbali. Basi mtu aliyezoea kuitwa "Anko! Anko!" na vinywa vyote vya gari zima akajikuta anaamka asubuhi, anachemsha chai ya kikombe kimoja, na sauti ya kwanza anayoisikia ni ya jirani akimfokea kuku.

"Baba, njoo ukae kwetu," binti yake alimwambia kwenye simu. Alimwambia hivyo kila alipopiga.

Anko aliijua nyumba hiyo. Ilikuwa na vyumba viwili, watoto wawili, na sebule yenye kochi moja. Mkwe wake alikuwa mtu mwema, na ubaya wa mtu mwema ni kwamba huwezi hata kugombana naye. Akienda kule angekuwa babu wa kwenye kochi, anayekunja shuka lake kabla wenye nyumba hawajaamka, anayekohoa kwa kujibana ili asiwasumbue. Hilo ndilo alilolihofia kuliko njaa. Kwa hiyo wakakubaliana: atajaribu hii kazi ya kwenye simu, ya kubeba abiria na kupeleka vyakula kwa gari lake dogo. Kwa umri wake hakuna mwingine ambaye angemwajiri. Ikimkataa na hii, atafunga begi aende mwenyewe bila kubembelezwa.

Binti ndiye aliyemwandikisha, huku akimwelekeza kwa simu. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka ilipofika picha. Programu ikaikataa ya kwanza kwa sababu ya kofia, ikaikataa nyingine kwa sababu ya mwanga, ikaikataa nyingine tena bila kusema kwa nini.

"Umecheka, baba. Usicheke."

"Sasa nani atapanda gari la mtu aliyenuna?"

"Ndivyo wanavyotaka, baba. Nuna tu."

Akanuna, na programu ikamkubali papo hapo. Chini ya uso huo ulionuna pakaandikwa kwamba yeye ni dereva mpya aliye chini ya uangalizi, na kwamba uangalizi utaondolewa wateja wakimridhia.

Alianza na vyakula. Siku ya kwanza alipokea mfuko wa kuku wa kukaanga kutoka kwenye dirisha la jikoni moja, akauweka kiti cha mbele, akaufunga mkanda. Mpishi alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Mzee, huyo kuku ameshakufa. Hata mkipata ajali hataumia tena."

"Wewe pika," Anko alimjibu. "Barabarani ni mimi."

Alifurahi mpaka kona ya pili. Ilikuwa ni muda mrefu tangu mtu amtanie.

Shida ilianza mlangoni. Wateja waliandika, "Acha mlangoni, usigonge." Anko aliyasoma maneno hayo, akayaelewa vizuri kabisa, akagonga. Hakuona jinsi mtu anavyoweza kuweka chakula cha mtu mwingine chini kama viatu halafu akatoka mbio. Mwanamume mmoja alimfungulia akiwa na taulo kiunoni na povu masikioni.

"Hukusoma nilichoandika?"

"Nimesoma, baba. Ila nikaona nikukabidhi."

Yule bwana aliupokea mfuko kwa vidole viwili, akafunga mlango kwa mguu. Usiku ule nyota za Anko, zile ambazo wateja humpa dereva, zilishuka, na binti yake, ambaye alikuwa na namba za siri za akaunti hiyo, akapiga simu.

"Baba, ukiambiwa acha, acha."

"Na kama hayupo? Na kama kaanguka bafuni?"

"Baba. Ni chakula. Si mtoto."

Akajikaza. Ila abiria ndio aliowatamani zaidi, kwa sababu abiria ni mtu, na mtu ana mdomo. Loo! Walikuwa na midomo, ndiyo, lakini masikio yalikuwa yamezibwa. Walipanda, wakauliza "Ni wewe?", wakaangalia namba ya gari, wakavaa vile vidude vya kusikilizia, wakaanza kuchekea simu zao. Anko alisema habari za kazi, habari za jua, habari za foleni, na habari zake zote zilimrudia mwenyewe. Kuna siku alirudi nyumbani akagundua kwamba tangu asubuhi hajasikia mtu yeyote akimuuliza lolote zaidi ya lile "Ni wewe?"

Ndipo alipompakia yule binti wa duka la dawa.

Giza lilikuwa ndio linaingia. Alipanda akiwa bado na koti lake jeupe la kazini, akapiga miayo, akasema, "Pole na kazi," na neno hilo dogo likamwingia Anko mpaka kwenye mifupa. Wakaenda. Taa za mtaa wa yule binti zilikuwa zimekufa zote, nyumba zimejifungia, hata mbwa hawaonekani. Anko akamwonea huruma. Swali likamtoka lenyewe, lilivyokuwa likimtoka kila mchana wa maisha yake.

"Nyumbani kuna mtu?"

Kidole cha yule binti kikasimama juu ya simu. "Kwa nini?"

"Aa, nauliza tu."

Hapo angenyamaza mambo yangeishia hapo. Lakini Anko, kwa kuona hajajibiwa, na kwa kutaka kumtoa wasiwasi, akaongeza jingine lililo baya zaidi. "Unaishi peke yako?"

"Nishushe hapa."

"Bado hatujafika, mwanangu."

"Nimesema nishushe hapa!"

Akamshusha. Binti akaanza kutembea kwa haraka kwenye giza lile, na Anko akashikwa na uchungu wa kweli. Mtoto wa watu, gizani, peke yake! Akafanya ambacho dereva yeyote wa gari la shule angefanya: akawasha taa kubwa, akamfuata taratibu kwa nyuma, ili amwonyeshe njia. Binti alipoanza kukimbia, Anko alidhani anawahi kwa sababu ya baridi. Alisubiri nje mpaka akaona taa ya dirisha imewaka, akashusha pumzi, akapiga honi mbili fupi, zile alizokuwa akiwaagia watoto, na akaondoka moyo mweupe.

Asubuhi programu haikumfungukia. Akaunti ilikuwa imefungwa, na aliitwa ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba chenye kiyoyozi na viti vya plastiki. Dada aliyempokea alikuwa na umri wa binti yake, na alimwamkia vizuri, kwa heshima zote, jambo lililomzidishia Anko wasiwasi. Watu hawakuamkii vizuri hivyo kama hawana jambo.

"Mzee, nitakueleza alivyosema abiria. Kwamba ulimuuliza kama nyumbani kuna mtu. Kwamba ulimuuliza kama anaishi peke yake. Aliposhuka ukamfuata na gari, taa ukimmulika mgongoni. Ukasubiri ujue dirisha lake ni lipi. Halafu ukapiga honi, ili ajue kwamba unajua."

Hakuna neno hata moja hapo lililokuwa la uongo. Na maneno hayo yalipowekwa pamoja kwa mpangilio huo, alimwona waziwazi mwanamume aliyekuwa kwenye lile gari, na kama angemkuta nje ya nyumba ya binti yake mwenyewe, angempigia kelele mtaa mzima utoke na marungu. Alikuwa amemtia mtoto wa watu hofu ya kufa huku yeye akijisifu kwamba amemfikisha salama. Akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

"Mimi nilikuwa dereva wa watoto," alisema. Akamweleza. Sheria ya getini, kugonga, honi mbili, yote.

Yule dada alimsikiliza mpaka mwisho. "Nakuamini, mzee wangu. Lakini mimi sikuwemo kwenye gari. Yeye alikuwemo."

"Naweza kumwomba radhi?"

"Usithubutu hata kumtafuta!"

"Sawa."

"Nakufungulia akaunti. Likija lalamiko jingine la namna hii, hata mimi sitakuwa na la kufanya, utafungiwa moja kwa moja. Mambo ya nyumbani kwa abiria usiyaulize. Kwenye gari usishuke mpaka abiria mwenyewe akuombe. Akishashuka, ondoka. Usisubiri, usiangalie, ondoka."

"Usisubiri, usiangalie," Anko alirudia, kama mtoto anayetumwa dukani.

Akashika adabu. Mtu mwenye umri huo akiamua kushika adabu, anaishika kwa mikono miwili. Aliacha vyakula mlangoni, akapiga picha ya mfuko chini kama programu inavyotaka, akaondoka bila kugeuka. Simu yake ikajaa picha za milango iliyofungwa. Abiria walipanda na kushuka, na yeye aliwaangalia kwa kioo cha ndani mara moja tu, kuhakikisha mlango umefungwa. Nyota zikaanza kupanda. Nyumbani alijikuta anaongea na redio, kisha akajisikia mjinga, akaizima, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba aliiwasha tena.

Mchana mmoja wa mvua aliitwa kwenye geti la hospitali. Aliyeita gari alikuwa mwanamke, sauti ya kijana, na alipiga simu kusema kwamba abiria ni mama yake na kwamba yeye mwenyewe yuko mbali. Muuguzi alimleta mama mmoja mtu mzima, mkono wake wa kulia uko ndani ya plasta mpaka begani, akamwingiza kiti cha nyuma, akamwekea mapajani mfuko wa dawa na begi dogo, akarudi ndani akikimbia mvua.

"Mvua hii," alisema yule mama.

"Ndiyo, mama."

Wakaenda kidogo.

"Niliteleza bafuni. Wameniweka kule ndani siku nyingi, mpaka nikawa nawajua wote, na mtoto wa nani amefaulu na nani ameachika." Akacheka peke yake. "Leo wamenichoka."

Anko alitamani kucheka naye. Alitamani amuulize huyo aliyeachika alimfanyia nini mumewe. Mdomo ukafunguka, akamkumbuka yule dada wa ofisini, akaufunga. "Pole, mama," alisema, na akaongeza kasi ya vifuta kioo.

Yule mama alijaribu tena mara moja au mbili, halafu akaona huyu dereva si mtu wa maneno, akageukia dirisha. Anko alimwona kwenye kioo akikipangusa kioo cha pembeni kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtu anayejifunza mkono mpya. Swali lilikuwa limemkaa kooni. Aliling'ang'ania hukohuko.

Walipofika, hakukuwa na haja ya kuuliza. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na kufuli liko nje.

"Ndipo hapa," alisema yule mama, lakini hakusogea. Mvua ilikuwa inapiga paa la gari. Akaliangalia geti, akauangalia mkono wake, akamwangalia Anko kisogoni. "Haya, baba. Ahsante."

Anko aliushika usukani kwa mikono miwili. Niombe, mama, alisema moyoni. Sema neno moja tu. Sema nishikie begi. Sema nifungulie. Kwa hilo alikuwa tayari kushuka na miguu mitupu.

"Nisikupotezee muda," alisema yule mama. "Najua na nyinyi mna kazi zenu."

"Karibu tena, mama," Anko alijibu. Ndivyo walivyofundishwa kujibu.

Yule mama alishuka kwa shida, kwanza mguu, kisha begi, kisha mfuko wa dawa, na mlango aliufunga kwa nyonga. Anko akaondoka. Alikuwa ameambiwa asiangalie, lakini kioo kiko palepale mbele ya uso wa mtu, na ndani yake alimwona yule mama amesimama kwenye mvua, begi chini kwenye tope, mfuko wa dawa ameuuma kwa meno, mkono wa kushoto unatafuta ufunguo ndani ya nguo. Kisha kona ikamficha.

Simu ikalia, oda ya chakula. Akaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Alikwenda mitaa kama miwili akijiambia kwamba ameshaingia, watu wazima wanajua nyumba zao, halafu akageuza gari kwa hasira, akiwatukana kwa sauti watu wa ofisini, mvua, na yeye mwenyewe.

Alipofika, kufuli halikuwepo na geti lilikuwa limerudishiwa. Ndani hapakuwa na taa. Anko akashuka. Kwa mara ya kwanza tangu afungiwe alishuka bila kuombwa, akasimama mbele ya lile geti, akainua mkono kugonga.

Ng'ambo ya barabara dirisha likafunguka kidogo. Mtu alikuwa anamwangalia.

Anko alijiona kama alivyokuwa akionekana kutoka kule. Mwanamume asiyejulikana, gari lake linanguruma nyuma yake, amerudi kwenye nyumba ya mama mgonjwa dakika chache baada ya kumshusha na kuona kwamba hakuna mtu. Katika maneno hayo pia hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Kochi la binti yake likamjia mbele ya macho. Akatega sikio. Mvua tu. Mkono ulibaki juu kwa muda, maji yakiteremka ndani ya mkono wa shati mpaka kwapani, kisha ukashuka bila kugonga.

Jioni alikuwa amekaa kitandani anavua viatu vilivyolowa wakati simu ilipotoa mlio ambao hakuwahi kuusikia. Yule binti wa yule mama alikuwa amempa nyota zote, na chini yake ameandika: "Dereva mtulivu sana. Mama anasema hakumuuliza chochote. Madereva wote wangekuwa hivi!" Kisha programu yenyewe ikampa hongera. Uangalizi ulikuwa umeondolewa. Alikuwa dereva kamili.

Basi aliingia, Anko alijisemea. Kama ameweza kusema, basi aliingia. Alishukuru mpaka machozi yakamlenga, halafu akayasoma tena yale maneno, na furaha haikuja. Katika kazi yake yote mpya hilo ndilo lililokuwa neno zuri la kwanza kuandikiwa, na lilikuwa la kitu alichokifanya vibaya kuliko vyote.

Hakupata muda wa kulifikiria, maana binti yake alishaona na alikuwa anapiga.

"Baba! Si nilikwambia? Si nilikwambia utaweza?" Akapiga kigelegele kidogo, na watoto wakasikika nyuma wakimuiga. "Sasa hata mimi nitalala. Nilikuwa nawaza, huyu mzee peke yake kule, akiumwa itakuwaje. Sasa nimeona hizi gari zilivyo na watu wazuri. Siku ukiumwa nakuitia moja hapahapa nilipo, linakuchukua hospitali linakurudisha nyumbani, bila usumbufu wowote."

Mvua ilikuwa bado inanyesha, na maji ya viatu vyake yalikuwa yanasambaa sakafuni kuelekea mlangoni.

"Baba? Upo?"

"Nipo. Siku hiyo, mwanangu, mwandikie dereva ashuke."

"Ashuke aende wapi, baba?"

"Ashuke tu," alisema Anko. "Mwandikie kabisa kwamba nimemwomba."